Hasara Isiyohesabika ya Gorila wa Walikale

Mubi, katika Kivu Kaskazini, hujulikana zaidi kwa biashara ya madini ya bati yanayotoka machimbo ya Bisie. Misitu ya wilaya ya Walikale inayouzunguka mji huo ni maskani ya gorila wa Grauer, mnyama asiyeishi porini popote nje ya mashariki mwa Kongo. Vita na machimbo vilimwumiza sana, maana watu waliojaa msituni walitafuta kitoweo humohumo. Mwaka 2016 watafiti walikadiria kuwa gorila hao walishuka kutoka karibu 17,000 hadi 3,800. Mwaka 2021, baada ya misitu mingi zaidi kukaguliwa, makadirio yalipanda hadi 6,800.

Ahueni, lakini idadi haioneshi hasara yote.

Mwaka 2019 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, na wenzao walilinganisha vinasaba vya gorila wa leo na vya mabaki ya hadi miaka 100 yaliyotunzwa kwenye makumbusho. Kwa gorila wa Grauer, utofauti wa vinasaba ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi. Kasoro zinazoweza kulemaza jeni, zikiwemo jeni za kupambana na maradhi, zilikuwa zimeongezeka.

Hapo ndipo penye hatari. Nyani, sokwe, gorila na binadamu wote wana jeni zinazotengeneza vishikio juu ya seli. Kishikio hunasa kipande cha kijidudu na kukionesha kwa askari wa mwili, chembe nyeupe za damu. Kila aina ya kishikio hunasa vipande vyake. Kundi lenye aina nyingi likivamiwa na ugonjwa mpya, huenda baadhi wakapona. Wanaofanana wote huweza kuugua pamoja.

Ushahidi upo Gombe, Tanzania. Watafiti walichunguza kinyesi cha sokwe wenye virusi vya jamii ya VVU, wakagundua kwamba wenye aina fulani ya jeni hizo walikuwa na virusi vichache. Kishikio chao kinafanana na kile kinachowasaidia baadhi ya binadamu kudhibiti VVU.

Gorila nao huambukizwa mafua yetu. Ndiyo maana wageni wanaowatazama gorila katika hifadhi ya Kahuzi-Biega hutakiwa kuvaa barakoa.

Jike wa gorila akikomaa huacha familia yake na kuhamia nyingine, akibeba jeni zake za kinga. Kwa hiyo msitu wa jamii unaolindwa Nkuba, humohumo Walikale, una thamani kubwa kuliko ukubwa wake kwenye ramani: jike huyo bado ana pa kupita.