Datsun kongwe yahitaji macho ya nyuma

Mpenzi wa rali asiyeijua Datsun 240Z ni mgeni mjini. Ndiyo iliyotwaa Safari Rally mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann, kisha 1973 na Shekhar Mehta. Mbio inazo, kasheshe ni kuona nyuma. Zile zilizouzwa Japani zilifungwa vioo juu ya fenda. Katika njia za vumbi za Kalenga, nje kidogo ya Iringa, kioo kikipinda lazima usimame, ushuke, ukigeuze. Bodaboda hasubiri hayo!

Dawa ni saiti mira za mlangoni. Ila kaa kwanza kwenye usukani, mwenzako akishikilie kioo hadi uone vizuri, ndipo fundi atoboe. Tundu lisilopakwa rangi hualika kutu. Na kioo kilichobinuka kina uongo wake: gari lililo karibu huonekana liko mbali.