Nyuzi 43: mtindi ndani ya mashine ya kukaushia

Kagunga ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Uvuvi wa dagaa huko hufuata giza: mbalamwezi ikitoweka, taa huwashwa juu ya maji, dagaa hujikusanya chini ya mwanga, na wavu huinuliwa. Kukicha, kazi inahamia nchi kavu. Dagaa humwagwa kwenye mchanga, kwenye kokoto au kwenye vichanja vya nyavu, na kuanzia hapo ni mbio kati ya jua na bakteria. Jua likiwahi, mzigo utafika Kigoma mjini, Kasulu na mbali zaidi. Mvua ikiwahi, wenye mali wanabaki na uvundo.

Wengi hudhani kinachohifadhi dagaa ni ukali wa jua. Kinachohifadhi ni ukosefu wa maji. Karibu robo tatu ya uzito wa samaki mbichi ni maji, na bakteria wa kuozesha hawana maisha bila maji hayo. Ndiyo maana upepo una kazi sawa na jua, na ndiyo maana kichanja kilichoinuliwa hushinda mchanga: hewa inapita juu na chini. Joto likizidi mapema, ngozi ya nje hukakamaa na kuufungia unyevu ndani, na samaki anayeonekana mkavu huoza akiwa kwenye gunia.

Mashine ya umeme ya kukaushia vyakula imejengwa juu ya kanuni hiyohiyo. Ni sanduku lenye waya wa kupasha joto, feni, trei za wavu, na kitufe cha kuchagulia nyuzi. Mchaichai na mnanaa hukaushwa kwa nyuzi 35 hadi 40 ili harufu isiruke. Matunda karibu 55. Nyama na samaki kati ya 65 na 70. Kwa kuwa inalazimika kumudu majani laini, mashine nzuri hujua kutulia kwenye joto dogo kwa saa nyingi bila kupanda wala kushuka sana. Jiko la mkaa haliwezi hilo, na oveni nyingi za nyumbani haziwezi.

Hapo ndipo wapenda mtindi walipoona mlango. Toa trei, panga vikombe vya maziwa ndani, weka nyuzi 43, ondoka. Mashine iliyobuniwa kuwanyima bakteria maji inageuka kuwa ya kuwalea.

Kwa nini 43? Mtindi mzito wa aina ya yogati ni kazi ya bakteria wawili wanaoishi kwa kupeana. Wa kwanza anaitwa Streptococcus thermophilus, wa pili Lactobacillus bulgaricus, aliyetambuliwa mwaka 1905 na Stamen Grigorov, mwanafunzi wa udaktari kutoka Bulgaria aliyekuwa Geneva. Wote wawili hupenda joto ambalo binadamu angeliita homa kali. Streptococcus hutangulia: hula oksijeni iliyomo kwenye maziwa, huanza kutoa asidi, na huacha kiasi kidogo cha asidi ya fomiki na hewa ya ukaa ambavyo mwenzake anavihitaji. Lactobacillus naye hukatakata protini za maziwa na kumgawia wa kwanza vipande asivyoweza kujitengenezea kwa haraka. Kila mmoja peke yake hufanya kazi polepole. Wakiwa pamoja, saa sita hadi nane zinatosha.

Wanachokula ni laktosi, sukari ya maziwa, ambayo katika maziwa ya ng'ombe ni karibu asilimia 5. Wanaigeuza kuwa asidi ya laktiki. Maziwa mabichi yana pH ya 6.6 au 6.7. Ikishuka hadi karibu 4.6, protini ya kaseini, ambayo mwanzo ilikuwa inaelea kwa chembe zinazosukumana, hupoteza chaji yake, chembe zinashikana, na maziwa yanaganda bila mtu kukoroga. Ukali unaousikia ulimini unatokana na asidi hiyo, na ile harufu ya yogati inatokana zaidi na kemikali iitwayo asetaldehidi, kazi ya bakteria haohao.

Joto likishuka chini ya nyuzi 37, kazi inazorota na mtindi unatoka mwepesi. Likifika karibu na 30, wanasinzia, na bakteria wengine ambao hukuwaalika wanapata nafasi. Likipita 50, wanaacha kukua, na zaidi ya hapo wanakufa. Dirisha ni dogo. Viungo vingine vyote vya mtindi unaweza kuvikadiria kwa jicho, lakini joto hapana.

Kabla ya hapo kuna hatua ambayo mashine haiwezi kukufanyia: kupasha maziwa hadi nyuzi 85 au 90 na kuyaacha hapo dakika chache, au nusu saa kama unataka mtindi mzito. Sababu ya kwanza ni usalama, kwa kuwa maziwa yasiyochemshwa yanaweza kubeba vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya homa ya brusela. Sababu ya pili hutajwa mara chache. Kwenye joto hilo protini za majimaji ya maziwa hukunjuka na kujifunga kwenye kaseini, na mtandao unaotokea hushika maji vizuri zaidi. Maziwa yaliyopashwa nusunusu huganda pia, ila hutoa majimaji ya kijani na kuvunjika kijiko kikigusa. Ufuko wa Ziwa Tanganyika uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 97 na kidogo. Nafasi ya kufika 90 ipo bila shida.

Kisha maziwa yaachwe yapoe hadi 43, na ndipo kitiwe kimea, yaani vijiko viwili vitatu vya mtindi wa awali kwa lita moja. Ukitia kimea kwenye maziwa ya nyuzi 60 umewapika wafanyakazi wako. Na usiingize kwenye mashine maziwa yaliyopoa kabisa ukitegemea feni iyapashe. Hewa hubeba joto kidogo sana. Kikombe cha maziwa cha nyuzi 27 kitachukua saa kadhaa kufika 43, na saa hizo ndizo ambazo bakteria wasioalikwa wanazitaka. Kazi ya mashine ni kulinda joto lililokwisha kuwamo.

Funika vikombe. Feni inayopuliza juu ya maziwa wazi hufanya ilichozaliwa kufanya, na asubuhi utakuta utando mgumu wa manjano juu. Pia usiamini kitufe. Weka ndani kikombe cha maji ya nyuzi 43 chenye kipimajoto na ukitazame baada ya saa mbili, kwa sababu mashine ya bei nafuu inaweza kusema 43 huku ndani ni 50. Baada ya kuganda, mtindi ukae mahali pa baridi. Ukiendelea kukaa kwenye joto utazidi kuwa mkali hadi watoto waukatae.

Sasa turudi ufukweni. Mashine ya namna hiyo hutumia wati 300 hadi 600 inapowaka. Kwa mtindi haiwaki muda wote, lakini hata hivyo sola ya taa mbili na kuchaji simu haitaimudu. Kununua mashine ya umeme kwa ajili ya mtindi tu, katika kijiji kama hiki, ni kutupa fedha, na nasema hivyo nikiwa shabiki wa mashine hizo.

Sababu yangu ni ya kifizikia. Kasi ya kitu cha moto kupoa hutegemea tofauti kati ya joto lake na la hewa inayokizunguka. Jikoni Ulaya wakati wa baridi hewa inaweza kuwa nyuzi 18, hivyo maziwa ya 43 yana pengo la nyuzi 25 la kupigana nalo. Mwambao wa Kigoma, mchana hewa hufika 28 au zaidi. Pengo ni 15. Joto linavuja kwa kasi ya asilimia 60 tu ya kule. Mashine ambayo mtu wa Ulaya anaihitaji ili azibe pengo lake, hapa sehemu kubwa ya kazi yake imekwisha kufanywa na hali ya hewa.

Sehemu iliyobaki inafanywa na chupa ya chai. Isuuze kwa maji ya moto, mimina maziwa ya nyuzi 43 yaliyokwisha kutiwa kimea, funga, usiitikise hadi saa nane zipite. Hotpoti ya wali iliyofungwa kwa blanketi inafaa pia, na inafaa zaidi ikijaa, kwa sababu lita tatu hupoa polepole kuliko lita moja. Kitu cha kununua ni kipimajoto. Kidole hakitofautishi 43 na 48, bakteria wanatofautisha.

Maziwa yenyewe ni suala jingine. Huku ni nchi ya samaki. Ng'ombe wa Waha, wenyeji wa Kigoma, wale wenye pembe ndefu, ni wa nyanda za juu za Buha kuliko wa ufukweni. Anayekaa ziwani anaweza kutumia maziwa ya unga, na hana sababu ya kuona haya. Gramu 130 hivi za unga wa maziwa yenye mafuta katika lita moja ya maji yaliyochemshwa hutoa mtindi mzuri, na kijiko cha ziada huuongezea uzito. Nako ni kukausha kulekule: kiwandani maziwa yamenyimwa maji ili yasafiri kwa boti bila barafu.

Kimea nacho husafiri kikavu. Uganda, mradi wa Yoba ulisambaza bakteria waliokaushwa kwa baridi katika vipakiti. Gramu moja hutosha kuanzisha lita 100. Bakteria wa namna hiyo hawajafa, wamesimamisha maisha wakingoja maji na joto. Tanzania ina kisa chake: mwaka 2004 kikundi cha kina mama cha Tukwamuane, Mabatini jijini Mwanza, kilianza kutengeneza mtindi wenye bakteria Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Bakteria huyo hastawi vizuri kwenye maziwa akiwa peke yake, kwa hiyo hutiwa pamoja na wale wawili wa yogati, wamtengenezee njia.

Kuna watakaosema bibi zao waligandisha maziwa bila nyuzi 43 wala kipimajoto. Ni kweli, na hawakuwa wanabahatisha. Mtindi wa kienyeji, pamoja na kivuguto cha Burundi na Rwanda ng'ambo ya mpaka, ni kazi ya bakteria wengine, hasa Lactococcus lactis na jamaa wa Leuconostoc, ambao hustawi kwenye nyuzi 20 hadi 30. Wanachukua siku nzima au zaidi na hutoa kinywaji chepesi chenye ladha ya siagi. Ukiwatia hao kwenye mashine ya nyuzi 43 utawadhoofisha, na ukiwaacha wale wa yogati mezani usiku kucha hawatakugandishia kitu cha maana. Kwa hali ya hewa ya ziwani, mimi naona mtindi wa kienyeji ndio wenye akili zaidi: bakteria wamechagua joto ambalo tayari lipo.

Aina zote mbili zina faida kwa tumbo. Watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kumeng'enya laktosi baada ya utotoni. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba mabadiliko ya kijeni yanayowawezesha baadhi ya Waafrika Mashariki kunywa maziwa ukubwani yalitokea yenyewe, tofauti na yale ya Wazungu, katika miaka elfu chache iliyopita. Asiyekuwa nayo huunguruma tumbo kwa glasi ya maziwa, lakini huumudu mtindi, kwa kuwa sehemu ya laktosi imeshaliwa, na wale bakteria wa yogati huendelea kuimeng'enya hata wakiwa tumboni.

Asidi ya mtindi pia ni ulinzi, ila wenye mipaka. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijaa katika ufuko wa Kagunga, kufika kukiwa kwa maji au kwa miguu, na kipindupindu kikazuka kabla meli ya MV Liemba haijamaliza kuwahamishia Kigoma. Kimelea cha kipindupindu hakistahimili asidi kali kama ya mtindi uliokomaa. Hata hivyo mtindi huanza ukiwa maziwa, na saa za mwanzo hauna asidi ya kutosha kumlinda mtu. Maji ya kukorogea unga na ya kuoshea chupa lazima yachemshwe.

Lipo swali la mwisho, kwa vikundi vinavyofikiria kununua au kujenga kikaushio cha dagaa. Cha jua hakifai kwa mtindi: mchana wa jua kali ndani yake hupita nyuzi 50, wingu likipita hushuka, na jua likizama kazi imekwisha. Cha umeme kinafaa endapo kitufe chake kinaanzia nyuzi 40 au chini. Vingi huanzia juu zaidi, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa. Na kikishakausha dagaa hata mara moja, msikirudishie maziwa. Mafuta ya maziwa hunywa harufu kuliko sifongo, na hakuna sukari itakayouficha mtindi wenye harufu ya dagaa.