Ruhusa ya kukaa Ulaya na ruhusa ya kurudi



Kila mwaka maaskofu wetu wanatuma mapadri na waseminari kusoma Roma, Leuven na miji mingine ya Ulaya. Shida ya kupata viza inajulikana na wote. Lakini iko shida ya pili, ambayo mara nyingi hutambulikana kwa kuchelewa. Mtu amekwisha kufika, amekwisha kukubaliwa akae, kisha inakuja habari kwamba mama yake huku Kongo ni mgonjwa sana. Ananunua tikiti, anakuja, anakaa na wazazi. Na siku ya kurudi anazuiliwa kupanda ndege. Masomo yanasimama, pengine mwaka mzima unapotea.

Kosa liko wapi? Alifikiri kwamba karatasi inayomruhusu kukaa ndiyo inayomruhusu kurudi pia. Mara nyingi ni hivyo, lakini si sikuzote. Kwa hiyo tunapenda kueleza sheria hiyo, kwanza ya Italia, kisha ya Ubelgiji.

1. Viza na kibali

Yafaa kwanza kutenganisha vitu viwili. Viza ni ufunguo wa kuingia mara ya kwanza: inatolewa na ambasade, nayo hubandikwa katika paseporti. Kibali cha kukaa kinatolewa na serikali ya nchi yenyewe, baada ya mgeni kufika. Waitalia wanakiita permesso di soggiorno. Mgeni anayekuja kwa muda mrefu sharti akiombe katika siku 8 za kazi tangu kuingia. Mwanafunzi au mtawa hujaza karatasi, hutia stempu ya serikali ya euro 16, na kuzipeleka posta. Huko anapewa risiti, ambayo Waitalia wanaiita ricevuta, na siku ya kwenda Questura, yaani biro ya polisi inayoshughulika na wageni, ili atoe alama za vidole. Kadi yenyewe huja baadaye, pengine baada ya miezi mingi.

Basi, mgeni aweza kuwa na kadi ambayo muda wake haujaisha, au risiti peke yake, au kadi iliyokwisha muda. Kila moja ina sheria yake kwa habari ya safari.

2. Mwenye kadi nzima

Huyu hana neno. Akiwa na kadi pamoja na paseporti yenye muda, aweza kutoka Italia na kurudi bila viza mpya. Tena aweza kutembelea nchi nyingine za mapatano ya Schengen, ambazo tangu tarehe 1 Januari 2025 ni 29, kwa muda usiopita siku 90 katika kila siku 180. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zinahesabiwa zote mbili. Siku anazokaa Italia kwenyewe hazimo katika hesabu hiyo.

Hivi aweza kwenda Lourdes katika Ufaransa au Fatima katika Ureno kwa kadi yake ya Italia. Uswisi nayo imo katika mapatano, ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya. Lakini Uingereza na Irlandi hazimo. Mwenye paseporti ya Kongo sharti aombe viza yao. Jambo lingine la kuangalia: ruhusa ya kutembea si ruhusa ya kufanya kazi. Padri anayealikwa kusaidia parokia ya Ujerumani au ya Ufaransa wakati wa likizo aulize kwanza sheria ya nchi ile kwa habari ya kazi na malipo.

3. Mwenye risiti peke yake

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Risiti inakubaliwa na Italia, lakini nchi nyingine za Schengen haziihesabu kuwa kibali. Mwenye risiti aweza kutoka Italia na kurudi, akionyesha paseporti, risiti, na kadi ya zamani ikiwa ameomba kuifanya upya, au viza yake ya kwanza ikiwa bado hajapata kadi hata moja. Lakini sharti apite moja kwa moja mpaka wa Italia, bila kushuka katika nchi nyingine ya Schengen.

Tuseme padri mwenye risiti anatoka Roma kwenda Kinshasa. Akipata tikiti ya bei nafuu inayopita Brussels au Paris, aiache. Akipita Addis Abeba, ndege itamshusha Roma kwenyewe, mbele ya polisi wa Italia wanaoijua risiti yake. Tofauti ya bei si kitu mbele ya hasara ya kurudishwa.

4. Kadi iliyokwisha au iliyopotea

Sheria ya Italia yataka kibali kiombwe upya siku 60 kabla ya muda wake kuisha. Ikiwa muda umeisha wakati mtu yuko Kongo, asiende uwanja wa ndege kujaribu bahati. Iko viza ya kurudi, ambayo ambasade ya Italia inaweza kumpa mtu aliyeomba kibali upya katika wakati uliowekwa, na ambaye kadi yake haijapita siku 60 tangu kuisha. Siku hizo 60 zaweza kuongezwa hata miezi 6 kwa sababu ya ugonjwa mkubwa wa mtu mwenyewe au wa mzazi wake, ukithibitishwa kwa karatasi. Kwa hiyo anayemwuguza mama yake asiondoke bila barua ya mganga wa hospitali.

Kadi ikiibwa au ikipotea, mtu aende kwanza polisi kuandikisha jambo hilo, kisha apeleke nakala ya karatasi ya polisi ambasade. Ambasade itauliza Questura kabla ya kutoa viza ya kurudi.

Tena kukaa nje kuna mpaka wake. Mwenye kibali cha mwaka mmoja akikaa nje ya Italia zaidi ya miezi 6 mfululizo, hawezi kufanyiwa kibali upya, isipokuwa ana sababu nzito yenye ushahidi. Kwa kibali cha miaka 2 au zaidi, mpaka ni nusu ya muda wa kibali.

5. Ubelgiji

Huko mambo yako mikononi mwa komine. Mwenye kibali ana haki ya kurudi katika mwaka mmoja, ikiwa kibali chake kingali na muda siku ya kurudi. Lakini akitaka kuwa nje zaidi ya miezi 3, sharti aiambie komine yake kabla ya kuondoka kwamba anakwenda na kwamba atarudi. Na akirudi, ajionyeshe huko katika siku 15. Ikiwa kadi itaisha wakati wa safari, aombe mpya kabla ya kwenda.

6. Neno kwa walio huku nyumbani

Pengine mtu atasema: hayo ni mambo ya wanafunzi wenyewe, sisi yatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu mara nyingi ni sisi tunaowaita. Paroko au katekista anayepeleka habari ya ugonjwa au ya kilio amwulize ndugu yule: Kadi yako inaisha tarehe gani? Unayo kadi au risiti? Ndege itashuka nchi gani kwanza? Maulizo hayo matatu huchukua dakika chache tu. Naye anayejiandaa kwenda Ulaya aandike tarehe ya mwisho ya kibali chake mahali anapoiona kila siku, na nakala ya paseporti na ya kadi aiache kwa mkuu wa nyumba yake. Hivyo siku ya msiba ataweza kuja kuwazika wazazi wake, na kurudi kumaliza kazi aliyotumwa.