Michezo ya redio ya zamani: tuitafute wapi, na tuiokoeje?



Majuzi nilikwenda Mbumbuni, kule Makueni, kumzuru rafiki niliyesoma naye diploma. Usiku stima ikapotea. Babake, mzee aliyepita miaka sabini, akatoa redio kaseti ya betri na sanduku la kanda.

"Mwanangu, wewe ni wa Mombasa, njoo usikize Kiswahili chenu," akaniambia.

Mchana mzee husikiza Musyi FM kwa Kikamba kama majirani zake. Lakini Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha vijana wetu wengi wa mjini. Nilipomuuliza alikisoma wapi, akasonta ile redio.

Kanda aliyotia ilikuwa ya Ushikwapo Shikamana, aliyoirekodi mwenyewe. Tulisikiza kama dakika kumi, mara mashine ikautafuna utepe. Mzee hakusema neno. Aliutoa polepole, akauzungusha kwa kalamu. Sehemu ile iliyokunjika haitasikika tena, na sijui kama kuna nakala nyengine popote.

Kwa asiyekumbuka, Ushikwapo Shikamana ulianza 1987, enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC mwaka 1989. Miongoni mwa waandaaji wake alikuwa Tom Kazungu. Ulihusu uzazi wa mpango na maisha ya nyumbani, lakini haukuhubiri. Ulifuata mtindo wa Miguel Sabido wa Mexico: yuko mtu mwema, yuko muovu, na yuko wa katikati anayeyumba. Msikilizaji hujiona kwa huyo wa katikati, na juma lijalo lazima arudi ajue imekuwaje.

Mtindo huo si porojo. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza Twende na Wakati, mchezo wa dereva wa lori aitwaye Mkwaju na mkewe Tunu. Watafiti waliomba usirushwe Dodoma kwa miaka miwili, ili walinganishe. Kulikosikika mchezo, watu wengi zaidi walianza kupanga uzazi.

Sasa mbona michezo hii ni adimu? Sababu kubwa ni gharama. Kanda za studio zilikuwa ghali, na vituo vingi duniani, hata BBC, vilikuwa vikirekodi kipindi kipya juu ya cha zamani. Ndiyo maana War of the Worlds ya Orson Welles, iliyorushwa Marekani tarehe 30 Oktoba 1938, waipata bure kwa dakika mbili, na mchezo wetu wa 1987 wautafuta siku nzima.

Ukitaka kutafuta, anzia YouTube na archive.org, maktaba ya mtandaoni iliyoanza 1996. Usiandike "mchezo wa redio" pekee. Andika jina la mchezo, jina la muigizaji, na jina la kituo la wakati ule: VOK, Sauti ya Kenya, RTD. Jaribu na tahajia mbili tatu, kwani anayepakia huandika anavyojua. Ukipata, pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, usikize baadaye bila bando. Sauti ni nyepesi: saa moja ya kiwango cha kawaida cha mazungumzo haifiki MB 30.

Lakini nyingi hazimo mtandaoni. Zimo kabatini kwa mama zetu, kando ya kanda za taarabu na za harusi. Kuziokoa si kazi kubwa:

Kwanza, usicheze kanda ya zamani kwa mashine usiyoiamini. Safisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, ujaribu na kanda usiyoihitaji.

Pili, peleka utepe mbele mpaka mwisho, kisha urudishe, ili uachane.

Tatu, unganisha waya kutoka tundu la spika za masikio hadi kwenye kompyuta. Programu ya Audacity ni ya bure.

Nne, andika jina la mchezo, mwaka, na aliyerekodi. Weka nakala mahali pawili.

Kusikiza nyumbani ni jambo moja, kuuza au kupakia ni jengine. Haki ni ya kituo na waigizaji, basi uliza kwanza.

Asubuhi nikiondoka, mzee alinipa kanda tatu. "Hizi zikifa kwako, mwanangu, zimekufa kweli," akasema.

Mbili tayari nimezihamisha. Mamangu, ambaye macho yamemuishia, huzisikiza baada ya Isha, na hucheka kabla muigizaji hajamaliza kusema. Ya tatu bado naiogopa. Natafuta fundi mwenye mashine nzuri.

Kwa hivyo kabla hujatupa sanduku la marehemu baba, lifungue kwanza.