Mgomba Wako Unaumwa Nini?

Tukipita nyuma ya nyumba zetu tunaona migomba yenye majani ya njano. Huyu anasema ni jua, yule anasema ni ugonjwa ule wa kwetu Kivu. Kweli yapo magonjwa mawili yanayofanana kwa mbali, na yanatunzwa tofauti.

La kwanza ni mnyauko wa Panama. Unaletwa na kuvu iitwayo Fuzari, ambayo huishi ardhini, huingia kwa mizizi na kuziba njia za maji. Mgomba unakufa kiu hata mvua ikinyesha! Majani mazee ya chini huanza kuwa njano pembeni, halafu yanavunjika shingoni na kuning'inia kama sketi.

La pili ni unyanjano, unaoletwa na bakteria. Ulithibitishwa Uganda mwaka 2001, na umefika Kivu, Burundi na Kagera. Hapa ua jekundu la chini ya mkungu hunyauka, na ndizi huiva kabla ya wakati.

Sasa kata shina, utazame. Ukiona nyuzi za kahawia au nyekundu, na ndizi ndani ni safi, ni kuvu. Ukingoja kama dakika 15 ukaona usaha wa njano unatoka, na ndizi ndani imekuwa kahawia, basi ni bakteria. Panga hilo lichome motoni kwanza kabla ya kugusa mgomba mwingine, wala usimwazime jirani hivyo hivyo.

Kwa bakteria, ng'oa mgomba unaoumwa, na kwa ile mizima vunja ua kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, mara kichane cha mwisho kikitokea.

Kuvu ni mkaidi zaidi. Haina dawa ya kunyunyiza, na hukaa ardhini miaka 20 na zaidi. Chipukizi la shina lile usimpe mtu, hata likionekana zima. Mahali pale panda mihogo au maharage. Ukitaka ndizi tu, makemba na ndizi za kupika za milimani zinastahimili kuvu tuliyoizoea. Kisukari na kayinja hufa upesi. (Ile kali zaidi, iliyoonekana Msumbiji mwaka 2013, inaua hata aina zilizokuwa zikistahimili.)

Ukiwa bado na mashaka, mpelekee bwana shamba kipande cha shina apeleke maabara. Kifunge kwa karatasi kavu. Kwenye nailoni kitaoza njiani.