Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, uliza

Ndugu zetu, hapa Utah kuna nyumba ambamo wapangaji waliotangulia walipika au kuvuta methamfetamini. Mabaki ya dawa hiyo hayaonekani. Hunasa ukutani, kwenye zulia na njia za hewa ya joto, na rangi mpya haiyaondoi. Mtoto anayetambaa huyashika na kuyapeleka mdomoni. Anaweza kukosa usingizi, kukohoa, kuwashwa macho au kutoka vipele.

Mwenye nyumba akijua, sheria inamtaka akuambie. Idara ya afya pia huweka orodha ya nyumba zilizochafuliwa: tuletee anwani, tuitazame pamoja. Ukiwa umeshahamia na una wasiwasi, usisugue kuta mwenyewe, wala usihamishe godoro na makochi. Mabaki husafiri navyo. Tupigie kwanza.