Je, Wajua? Vidole Kumi, Simu 75 na Almasi Moja

Mfumo wa dunia ulianza majaribio Dzaleka

Mwaka 2013 UNHCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa) ilipotaka kujaribu mfumo wake mpya wa kutambua watu kwa maumbile, ilikwenda Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, kaskazini mwa Lilongwe, mahali palipokuwa gereza la kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Wakimbizi zaidi ya 17,000 walitoa alama za vidole vyote kumi, wakapigwa picha za mboni za macho na za sura. Baada ya hapo mfumo ukapelekwa nchi nyingine. Aliyepoteza kadi haanzi kujieleza upya dirishani: kidole chake ndicho faili lake. Kambi ilifunguliwa 1994 kwa watu kama 10,000 hadi 12,000. Leo wako zaidi ya 50,000, nusura waujaze Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam. Hebu fikiria rejista hiyo ikiandikwa kwenye madaftari!

Meseji ziliishinda pikipiki

Hii ndiyo hadithi niipendayo kuliko zote. Kwenye Hospitali ya St. Gabriel's, Namitete, magharibi mwa Lilongwe, wahudumu wa afya wa vijijini walikuwa wakitembea mwendo mrefu kupeleka ripoti za karatasi, na hospitali nayo ikichoma petroli ya pikipiki kuwafuata wagonjwa. Mwaka 2008 wahudumu 75 wakapewa simu za kawaida, na hospitalini ikawekwa laptopu moja yenye FrontlineSMS, programu ya bure isiyohitaji intaneti. Miezi sita baadaye hesabu ilionyesha saa 2,048 za kazi zimeokolewa, yaani siku 256 za saa nane nane, pamoja na dola kama 3,000 za mafuta. Mpango wa kifua kikuu ukaweza kuhudumia wagonjwa mara mbili ya awali. Kilichoondolewa ni safari tu.

Kioo kinachouliza maswali kwa zamu

Baobab Health ya Lilongwe iliwawekea wahudumu wa kliniki kompyuta za kugusa kioo miaka mingi kabla simu za namna hiyo hazijajaa mifukoni mwetu. Kioo huuliza swali moja baada ya jingine, hivyo hata asiyejua kuchapa haruki hatua.

Mchoro wa kazi ni mkongwe kuliko kompyuta

Frank Gilbreth, Mmarekani aliyeanza kama mwashi, alipunguza mijongeo ya kupanga tofali moja kutoka 18 hadi chini ya mitano. Mwaka 1921 yeye na mkewe Lillian waliwaonyesha wahandisi jinsi ya kuchora kazi hatua kwa hatua. Nyumbani walikuwa na watoto kumi na moja wa kuwajaribia nadharia zao!

Lugha isiyo na maneno

Siku hizi mchoro huo una kanuni za kimataifa, BPMN: mduara ni mwanzo au mwisho, mstatili ni kazi, almasi ni njia panda, na kila mhusika ana safu yake. Ushirika mdogo unaweza kuuchora bure kwa bpmn.io, ndani ya kivinjari. Almasi zikizidi, mtafuteni bosi anayeombwa ruhusa hata ya kununua kalamu.